Daktari Akikuuliza Unaendeleaje, Usimjibu "Nzuri"

Nywele zangu hazikutoka. Zilipungua kidogo, nikawa nazikuta kwenye mto na kwenye kitana, lakini kichwa kilibaki na nywele zake, na hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu waamini kwamba naumwa kidogo tu. "Mbona mzima kabisa!" waliniambia kwa furaha. Picha ya mgonjwa wa saratani iliyomo vichwani mwetu ni moja: kipara, mwili uliokonda, ndoo ya kutapikia kando ya kitanda. Asiyefanana na picha hiyo anaonekana anadeka.

Kumbe kila dawa ina tabia zake. Mimi niliugua saratani ya utumbo mpana, nikapasuliwa, kisha nikapangiwa mchanganyiko ambao wahudumu wanauita FOLFOX: oksaliplatini, fluorourasili, na asidi ya foliniki ya kuipa fluorourasili nguvu. Ni mchanganyiko unaotumika sana duniani kwa ugonjwa wangu, na wenyewe hauzisumbui sana nywele. Wenzangu waliokuwa wanapewa doksorubisini, ile dawa nyekundu inayogeuza hata rangi ya mkojo kwa siku moja au mbili, walikuwa wanapukutika nywele zote wiki ya pili au ya tatu. Tulikaa viti vya jirani, dripu zikining'inia pamoja, sote tukisema tuko "kwenye kemo", yaani tiba ya saratani kwa dawa, na kila mmoja akirudi nyumbani na mzigo wake tofauti.

Kuna madhara yanayotukuta wengi, na sababu yake si ngumu kuielewa. Dawa nyingi za kemo zinawinda chembe zinazogawanyika haraka, kwa kuwa ndivyo saratani ilivyo. Ila mwilini kuna chembe nyingine nzima zenye haraka hiyo hiyo: za mizizi ya nywele, za ngozi laini ya mdomo na utumbo, na za uboho, yaani ndani ya mifupa kunakotengenezwa damu. Hizo nazo zinapigwa. Ndiyo maana mdomo unatoka vidonda, tumbo linaharisha, damu inashuka. Juu ya hayo, kila dawa inaongeza la kwake.

La kwangu lilikuwa baridi.

Nesi mmoja mtu mzima, ndiye aliyekuwa akinichoma sindano kwenye kile kifaa kidogo kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua, aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Kaka, ukitoka hapa usishike cha baridi, usinywe cha baridi, na friji ukitaka kuifungua vaa glavu." Nilidhani ananitania. Jioni ile ile nilishika komeo la chuma, vidole vikaruka kama nimegusa waya wa umeme uliochunwa. Siku chache baadaye hali ikatulia, na mzunguko uliofuata, yaani nilipopewa dawa tena, ikarudi. Karibu kila anayepewa dawa hii huonja jambo hilo.

Taya nalo lina vituko vyake. Tonge la kwanza la kila mlo lilinibana chini ya masikio kwa maumivu makali ya sekunde chache. La pili lilipungua, la tatu nilikula kama kawaida. Sikuwahi kusikia mtu akilitaja jambo hili kabla halijanipata, lakini nilipomweleza nesi hakushangaa hata kidogo.

Kubwa kuliko yote ni koo. Ukimeza maji ya baridi, au ukivuta hewa ya baridi ghafla, koo linahisi limejifunga na unaona kabisa kwamba hewa haipiti. Hewa inapita. Mishipa ya fahamu ya koo ndiyo inayopotosha habari, njia yenyewe iko wazi. Nilikuwa nimeshaelezwa hivyo, kwa hiyo siku lilipotokea nilikaa, nikapumua taratibu, nikanywa kitu cha vuguvugu, likapita. Asiyeelezwa anaweza kudhani ndiyo anakata roho. Lakini naomba hapa tuelewane vizuri: vipele, uvimbe wa midomo, kifua kubana au kupiga mluzi wakati dripu inaingia ni mzio, wala si baridi hii. Oksaliplatini inaweza kuleta mzio hata kwa mtu aliyeshapita mizunguko kadhaa salama. Hapo unamwita nesi palepale, husubiri uone.

Dawa hii ni ya ukoo wa platini, madini yale yale ya kutengenezea pete. Mwaka 1965 mwanasayansi Barnett Rosenberg, huko Michigan, Marekani, alikuwa anachunguza umeme unavyoathiri bakteria, akaona wameacha kugawanyika. Baada ya kuchimba sana akagundua kwamba umeme haukuhusika: vipande vya platini alivyotumia kupitishia umeme vilikuwa vinatoa kemikali kwenye maji. Hapo ndipo ilipogunduliwa nguvu ya sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978. Oksaliplatini ilitengenezwa Nagoya, Japani, mwaka 1976, na ilichukua miaka mingi mpaka ikawafikia wagonjwa. Nilipenda kuijua historia hiyo nikiwa nimekaa pale na mrija kifuani. Haipunguzi chochote, ila angalau unamjua mgeni aliyeingia ndani.

Sasa kuna jambo moja lililonifundisha kuogopa ushauri wa jumla. Fluorourasili ni dawa inayojulikana kwa vidonda vya mdomoni, na njia moja iliyothibitika ya kuvipunguza, pale inapoingizwa kwa mkupuo, ni kumumunya vipande vya barafu wakati dawa inaingia. Barafu inaifinya mishipa ya damu ya mdomo, dawa kidogo inafika pale. Ushauri safi kabisa. Sasa mpe mtu ambaye dripu hiyo hiyo ina oksaliplatini! Ndugu zangu walinitumia ushauri huo wa barafu zaidi ya mara moja, kwa upendo, na ulikuwa sahihi kwa mgonjwa mwingine. Mimi mdomo niliuhudumia kwa mswaki laini na kwa kusukutua kila baada ya mlo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na bikaboneti ya soda (baking soda). Dawa za kusukutua zenye spiriti niliziweka mbali, zinaunguza. Kwa hiyo ukisoma popote kwamba "mgonjwa wa kemo afanye hivi", swali la kwanza liwe: kemo ipi?

Nirudi kwenye mishipa ya fahamu, maana ndiko kwenye kiini cha ninachotaka kusema.

Ganzi ile ya baridi ni ya kuja na kuondoka. Lakini platini inajikusanya, dozi juu ya dozi, kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu vilivyo kando ya uti wa mgongo, na kuna mahali ganzi inaanza kukawia. Wiki ya pili inafika bado ipo. Kisha inakuwepo hata pasipo baridi. Hatari yake ni kwamba inaingia polepole mno, kiasi kwamba unaizoea kabla hujaitaja.

Kwenye chumba cha daktari mambo huwa hivi. Unaingia, anakuuliza unaendeleaje, na mdomo unajibu wenyewe: nzuri, tunamshukuru Mungu. Ni adabu tu, ulimi umezoea. Yeye anaandika, anaangalia majibu ya damu, anasaini dozi inayofuata. Siku moja mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu kimya na mkoba mapajani, aliingilia kati: "Daktari, vifungo vya shati namfunga mimi siku hizi." Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia nivue soksi. Akanigusa nyayo kwa kitu chenye ncha butu, kisha kwa uma wa chuma unaotetema, akiniuliza nasikia au sisikii. Akanipa kifungo nifunge mbele yake.

Sikujua kwamba kifungo ni kipimo. Madaktari wa saratani wana mizani ya madhara yenye ngazi 1 hadi 5, inayotunzwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na kutumika karibu kila mahali. Ngazi ya 1 ni usumbufu mdogo, ya 5 ni kifo. Kwa ganzi, tofauti ya ngazi ya 2 na ya 3 inategemea mambo ya nyumbani kabisa: je, unashindwa kupika, kufanya manunuzi, kutumia simu, au umefika mahali huwezi kujivalisha, kujilisha na kuoga mwenyewe? Mgonjwa akisema "vidole vinanisumbua kidogo", daktari hana pa kuiweka kauli hiyo. Akisema "nimeshindwa kufunga vifungo tangu wiki jana", uamuzi unaanza kujengeka hapo hapo. Kuharisha vilevile: "tumbo halijatulia" haina uzito, lakini "nimekwenda chooni mara saba zaidi ya kawaida yangu tangu jana" inaweza kukulaza wodini kwa maji ya dripu, na inastahili.

Kwa nini watu hawasemi? Nimekaa kwenye viti vile na kuwasikiliza wenzangu. Wapo wanaoona aibu, hasa mambo ya choo na ya chumbani. Wapo wasiotaka kumsumbua daktari mwenye foleni ndefu mlangoni. Lakini sababu iliyotajwa zaidi ni hofu: nikisema, watanipunguzia dozi, na dozi ikipungua saratani itarudi. Mzee mmoja aliniambia waziwazi kwamba miguu yake ilikuwa haihisi sakafu, na kwamba daktari asingelijua hilo hadi dripu ya mwisho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alikuwa haifichi saratani, alikuwa anaficha madhara ya dawa.

Hofu hiyo naielewa, na si ya kipuuzi. Ila kuna mambo mawili yanayoipinga, na yote yana ushahidi.

La kwanza ni utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2017, ulioongozwa na daktari Ethan Basch. Wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi lingine lilikuwa likijaza dalili zake kwenye kompyuta: kichefuchefu, uchovu, maumivu, pumzi. Ikionekana hali mbaya, nesi alipata ujumbe. Hapakuwa na dawa mpya hapo, ni kusema na kusikilizwa tu. Waliojaza dalili waliishi kwa wastani wa kati miezi 31, wenzao miezi 26. Miezi mitano! Kuna dawa za bei kubwa zinazoshangiliwa kwa chini ya hapo. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba madhara yakidhibitiwa mapema, mtu anaweza kuendelea na kemo yake kwa muda mrefu zaidi. Yaani kusema kunaweza kukubakisha kwenye dozi.

La pili linahusu ugonjwa wangu moja kwa moja. Kwa miaka mingi, saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye tezi za limfu ilitibiwa kwa oksaliplatini miezi 6 baada ya upasuaji. Tafiti sita zikaunganishwa, zikiwa na wagonjwa zaidi ya 12,000, kuuliza kama miezi 3 inatosha. Majibu yalichapishwa mwaka 2018. Jibu lilikuwa na masharti: kwa wenye hatari ndogo, hasa wanaotumia oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini, miezi 3 ilikaribia sana miezi 6; kwa wenye hatari kubwa, tofauti ilikuwepo. Ila kwenye ganzi hapakuwa na ubishi. Karibu nusu ya waliomaliza miezi 6 walipata ganzi ya ngazi ya 2 au zaidi, na kwa wa miezi 3 ilikuwa takriban mmoja kati ya sita. Kwa hiyo dozi ya mwisho si lazima iwe na thamani sawa na ya kwanza. Hilo ni la kuzungumza na daktari wako, na huwezi kulizungumza ukiwa umeficha miguu ndani ya soksi.

Kwangu iliamuliwa oksaliplatini isimame na fluorourasili iendelee. Sikupenda. Nilitoka mle na uchungu kana kwamba nimefeli mtihani. Mke wangu hakubishana nami, alinifunga zipu ya koti tukaondoka.

Niliuliza pia kama kuna dawa ya kuzuia ganzi, na majibu yalikuwa ya kukatisha tamaa, bora niyaseme. Dripu za kalsiamu na magnesi zilitumika miaka mingi kwa imani kwamba zinalinda mishipa. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha hazisaidii. Kirutubisho kiitwacho asetili-L-kanitini, kinachosifiwa kwa afya ya mishipa ya fahamu, kilijaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya matiti waliokuwa kwenye dawa za kundi lingine zinazoleta ganzi, na mwaka 2013 ikaonekana kiliwazidishia. Hebu fikiria, unameza kitu dukani wamekuambia ni kinga, kumbe kinakuchimbia. Dawa pekee yenye ushahidi wa maana kwa maumivu ya ganzi hii ni duloksetini, ambayo kwa kawaida hutibu sonona. Nayo inasaidia moto na michomo zaidi kuliko ufu wenyewe wa vidole.

Na mitishamba, na vidonge vya virutubisho, na chochote mtu alichokuletea kwenye chupa: kitaje. Daktari anahitaji kujua kinachopita kwenye ini lako, maana baadhi ya vitu hivi hupunguza nguvu ya dawa, vingine huifanya ikae mwilini kuliko inavyotakiwa. Mazungumzo hayo yanaweza kuwa na maneno makali. Yavumilie.

Kichefuchefu nitakisema kwa ufupi kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu ndicho kilichopata tiba nzuri kuliko vyote. Kabla ya miaka ya 1990, sisplatini iliwatapisha watu hadi wengine wakakataa kuendelea. Kisha ikaja ondansetroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991. Inaziba njia ambayo utumbo uliojeruhiwa hutumia, kwa kemikali ya serotonini, kuuambia ubongo utapike. Siku hizi huchanganywa na deksamethasoni na nyinginezo, na wengine hupewa olanzapini usiku. Ukisoma karatasi ya olanzapini utakuta imeandikwa ni dawa ya magonjwa ya akili. Usishtuke, hakuna aliyekuona umechanganyikiwa. Mwaka 2016 ilithibitika inazuia kichefuchefu vizuri sana. Kanuni ni moja tu: vidonge hivi humezwa kabla, kwa saa ulizoandikiwa, hata kama unajisikia mzima. Kutapika kukishaanza, kukizima ni kazi. Na kama havikutoshi, sema, maana kabati lina vingine.

Deksamethasoni ilinipa usiku wa macho makavu. Nilipanga makabati, nilifuta meza ambayo ilikuwa safi, nikiwa na nguvu za ajabu saa tisa usiku. Siku ya tatu ilipoisha mwilini, nilianguka chini kabisa, nikawa nalia bila sababu. Kumeza dozi yake asubuhi kulisaidia. Pia ondansetroni hufunga choo, na choo kigumu kwa mtu aliyekatwa utumbo si jambo la kucheka. Omba dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo, usisubiri.

Kuna kichefuchefu cha aina nyingine ambacho vidonge hivyo havikigusi sana. Baada ya mizunguko kadhaa nilianza kusikia tumbo linapanda nikiwa bado kwenye korido, nikinusa tu ile dawa ya kusafishia sakafu. Ubongo umeshajifunza: harufu hii, kisha ile shida. Kinatokea kwa wengi ambao mizunguko ya mwanzo iliwatesa, ndiyo sababu nyingine ya kudhibiti kutapika tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naingia na kipande cha kitambaa chenye harufu niliyoichagua mwenyewe puani. Wengine husaidiwa na mazoezi ya kupumua au kidonge cha kutuliza hofu usiku wa kuamkia kemo.

Fluorourasili yenyewe nilirudi nayo nyumbani. Ni kichupa cha plastiki chenye puto ndani. Puto linasinyaa taratibu na kuisukuma dawa kifuani kwa saa 46. Unalala nacho, unaoga kwa ujanja, unajifunza kutolalia mrija. Siku hizo na mbili baada yake, choo nilikifunika na kukivuta maji mara mbili, na aliyefua shuka zenye jasho au matapishi alivaa glavu, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka na majimaji ya mwili. Kumbatio halina tatizo. Wajukuu walikuwa wanafikiria wasinikaribie, nikakataa katakata. Kwa faragha ya wakubwa, kondomu na uzazi wa mpango ni muhimu muda wote wa matibabu.

Sasa homa. Hapa naomba usisome haraka.

Kwa aina nyingi za kemo, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinakuwa zimeshuka chini kabisa. Hizo ndizo askari wa mwili, na askari wasipokuwepo hakuna vita: hakuna usaha, hakuna uvimbe, pengine hakuna hata kikohozi. Dalili pekee inaweza kuwa joto la nyuzi 38 au zaidi. Maambukizi kwa mtu wa hali hiyo yanaweza kuua kwa saa, si kwa siku. Kwa hiyo nyumbani kuna kipimajoto kinachofanya kazi, mkono juu ya paji la uso hautoshi. Ukisikia baridi ya kutetemeka, pima. Usimeze parasetamoli kwanza "uone kama itashuka", kwa sababu itashuka kweli, na ugonjwa utaendelea chini yake. Ikifika 38, unaondoka kwenda hospitali usiku ule ule, na ukifika mapokezi sentensi ya kwanza ni: "Niko kwenye kemo na nina homa." Usianze na salamu ndefu wala historia ya upasuaji. Sentensi hiyo inatakiwa ikutoe kwenye foleni, kwa sababu antibayotiki inatakiwa iingie kwenye mshipa ndani ya saa moja hivi. Mimi niliiandika kwenye karatasi nikaiweka ndani ya kava la simu, ili hata aliyenipeleka aweze kuisoma.

Uchovu ndio uliobaki muda mrefu, na ndio ulionikasirisha. Unalala kwa muda wa saa kumi na unaamka umechoka. Unapanda ngazi na kukaa katikati. Kila mtu anakuambia pumzika, na mwili wenyewe unakubaliana nao, ila ushahidi unasema kinyume: kinachopunguza uchovu wa saratani kuliko vidonge ni kutembea, kidogo kidogo, karibu kila siku, pamoja na kuchunguza kama kuna upungufu wa damu au tezi ya shingo iliyolegea. Mwanzoni nilienda hadi mwisho wa ukuta wa nyumba na kurudi. Niliona upuuzi. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliomaliza kemo, wengi wao wa Kanada na Australia. Waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, baada ya miaka mitano asilimia 80 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Waliopewa kijitabu cha ushauri tu walikuwa asilimia 74. Tangu nisome hayo sijabishana tena na viatu vyangu.

Kusahau nako kupo. Nilikuwa napoteza majina ya vitu ninavyovishika. Nikaanza daftari, na humo humo ndimo nilimoandika madhara: siku ya mzunguko, kilichotokea, mara ngapi, nilishindwa kufanya nini. Ile safu ya mwisho ndiyo daktari aliyoipenda, maana inamsomea ngazi moja kwa moja. Mke wangu ana ruhusa ya kuandika bila kuniuliza. Amewahi kuandika "mkali kwa watoto", nami sikuifuta.

Oksaliplatini ina tabia moja ya mwisho ambayo inawashtua watu. Ukishaiacha, ganzi inaweza kuendelea kupanda kwa miezi 2 hadi 6 kabla haijaanza kushuka. Yangu ilipanda hadi nyayoni baada ya matibabu kwisha, wakati kila mtu anasherehekea. Nilikuwa nimeonywa, kwa hiyo niliipigia simu kliniki badala ya kukaa usiku nikiwaza kwamba ugonjwa umefika uti wa mgongo. Sasa mikono imerudi karibu yote. Vifungo nafunga, vidogo vya mikono ya shati vinanichelewesha. Vidole vya miguu bado. Nyayo nazikagua kwa macho kila jioni, kwa kuwa naweza kukanyaga kitu chenye ncha nisijue. Maji ya kuoga napima kwa kiwiko. Ndala zinazotoka miguuni nimeziacha, navaa viatu vinavyoshika kisigino.

Miadi ijayo nina maswali mawili kwenye daftari: kama tuanze kupunguza duloksetini taratibu, kwa kuwa michomo imekwisha na iliyobaki ni ganzi tupu, na kama miguu hii inaruhusiwa kuanza kukimbia.